Kufungua Fundo: Lugha ya Uponyaji na Dhana ya Unasihi katika Masasi na Newala



Istilahi "ushauri nasaha" imekwishazoeleka masikioni mwetu kiasi kwamba ni wachache wanaokumbuka kuwa si ya zamani. Ilienea nchini wakati wa mapambano dhidi ya UKIMWI, hasa baada ya vituo vya Angaza kuanzishwa mwaka 2001, pale maneno "ushauri nasaha na kupima kwa hiari" yalipoanza kuandikwa kwenye milango ya zahanati, katika mabango ya barabarani na katika vijitabu vya shule. Baadaye "unasihi" na "mnasihi" yakaingia vyuoni, na leo shule zetu zina walimu wa malezi na unasihi. Kwa upande wa uundaji wa istilahi, tuna haki ya kujivunia. Swali ninalotaka kulichunguza jioni hii liko kwingine: mama wa Newala au kijana wa Masasi anapoingia katika chumba chenye maandishi hayo mlangoni, je, lugha anayoikuta humo ndani ndiyo lugha ambayo kwayo watu wake wamekuwa wakiponyana?

Nasema wakiponyana kwa makusudi. Hoja yangu ni kwamba sarufi na msamiati wa uponyaji katika eneo hilo, kwa Kiswahili na kwa lugha za jirani zake, una nadharia kamili ndani yake kuhusu mateso ya moyo ni nini na nani ana wajibu wa kuyaondoa. Nadharia hiyo haiafikiani kila mahali na ile iliyomo katika vitabu vya unasihi, na mnasihi asiyeifahamu atamsikiliza mtu saa nzima bila kumsikia.

Mahali penyewe

Masasi na Newala ni wilaya jirani za Mkoa wa Mtwara. Masasi iko chini, katika tambarare yenye milima ya mawe. Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde, mahali ambapo mtu husimama akaliona bonde la Ruvuma na nchi ya Msumbiji ng'ambo yake. Lugha za huko ni Kimakonde, Kimakua na Kiyao, pamoja na Kimwera upande wa kaskazini, na Kiswahili kikiwa lugha ya wote. Jamii hizi kwa asili hufuata ukoo wa mama, kwa hiyo mjomba ana sauti ambayo baba mzazi mara nyingi hana.

Kwa sisi wa taaluma za Kiswahili, Masasi ni mahali pa heshima ya pekee. Edward Steere, aliyechapisha kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili mwaka 1870, ndiye aliyeanzisha makazi ya misheni ya UMCA pale Masasi mwaka 1876. Alifika na kundi la watu waliokuwa wamekombolewa utumwani, akawapeleka kutoka Unguja. Hebu tuwatazame watu hao kwa jicho la mada yetu. Walikuwa wametenganishwa na ukoo, na wengine hawakujua hata kama waliowaacha bado wako hai. Miaka 6 baadaye, mwaka 1882, wapiganaji walioitwa Magwangwara waliyavamia makazi hayo, wakaua na kuchukua mateka. Mwaka 1905 Vita vya Maji Maji vikapita pande hizo. Kisha, tangu 1964, vita vya ukombozi wa Msumbiji vikaufanya mto Ruvuma kuwa mpaka wa moto, na wakimbizi wakavuka kuja upande wetu. Katika miaka ya 1980 wakavuka tena. Jamii iliyopitia hayo yote bila chumba cha mnasihi haikukosa njia za kuponyana. Kama isingekuwa nazo, isingekuwapo.

Wageni waliofika kuandika habari za huko waliziona njia hizo, ingawa waliziita majina mengine. Karl Weule, Mjerumani, alizunguka Masasi na Newala mwaka 1906, akaandika juu ya unyago na kunasa nyimbo kwa mashine ya sauti. Lyndon Harries, ambaye wengi wetu tunamjua kwa kitabu chake cha ushairi wa Kiswahili cha 1962, alikuwa kwanza mmisionari katika Dayosisi ya Masasi, na mwaka 1944 alichapisha utafiti kuhusu jando na unyago wa Wamakonde. Hao waliona sherehe. Mimi naomba tutazame vitenzi.

Kilichofungwa hufunguliwa

Kiswahili kina kauli ambayo wanafunzi wa mwaka wa kwanza huijifunza haraka na kuisahau haraka: kauli ya kutendua. Funga, fungua. Ziba, zibua. Tega, tegua. Anika, anua. Kauli hii haikanushi tendo, inalirudisha nyuma. Asiyefunga mlango hajafanya kitu, ila anayefungua mlango amefanya kazi juu ya kazi ya mwenzake.

Sasa tazameni ni mara ngapi lugha ya uponyaji inaegemea hapo. Mtu mwenye chuki iliyokaa ana fundo moyoni, na fundo hufunduliwa. Jambo linalotatiza hutatuliwa. Mtu aliyezingwa na uchawi huzinguliwa. Hata msiba, siku za kukaa matanga zikiisha, matanga huanuliwa, kama vile kitu kilichokuwa kimetandazwa juani kinavyokusanywa na kurudishwa ndani. Mateso, kwa mtazamo huu wa kisarufi, ni tendo. Kuna kilichofungwa, na palipofungwa pana mfungaji, awe mtu, awe pepo, au iwe ni ahadi iliyovunjwa. Kwa hiyo swali la kwanza la mponyaji ni "nini kimefungwa, na kati ya nani na nani?", na ndipo baadaye aulize "unajisikiaje?"

Ng'ambo ya Ruvuma, katika uwanda wa Mueda wanakoishi Wamakonde wa Msumbiji, Harry West alikuta kitenzi kinachofanana na hivi kikiwa ndicho kiini cha kazi ya waganga, hata akakifanya jina la kitabu chake cha mwaka 2005: kupilikula, yaani kupindua, kugeuza juu chini. Mchawi amepindua mambo, mganga anapindua kile kilichopinduliwa. Msomaji wa Kiswahili hahitaji tafsiri ndefu ya kitenzi hicho, kwa kuwa sarufi yake mwenyewe inamfundisha.

Hapa sina budi kusema jambo ambalo wapenzi wa mila hawapendi kulisikia. Sarufi inayodai mfungaji inaweza kumtafuta mfungaji hata pale asipokuwapo. Mtoto amekufa kwa malaria na bibi kizee jirani anatazamwa kwa jicho la upande. Kusini mwa nchi yetu kumewahi kupita waganga wenye sifa kubwa waliowatambua "wachawi" mbele ya umma. Nguvumali alipata hata utenzi wa kumsifu, uliotungwa na Hasani bin Ismail na kuchapishwa mwaka 1968. Kwa waliodhaniwa kuonewa, tiba hiyo ilifungua fundo. Kwa aliyenyooshewa kidole, ilifunga jingine ambalo pengine halikufunguka hadi kaburini. Sitaki kuitetea kwa sababu tu ni yetu. Hata hivyo tukiifukuza nadharia yote kwa ajili ya tawi lake moja baya, tutabaki na mgonjwa anayeambiwa kwamba taabu yake imo kichwani mwake peke yake, na hilo nalo mara nyingi si kweli.

Kitenzi kuganga chenyewe kina maana mbili katika kamusi zetu: kutibu, na kuunga au kufunga pamoja kilichovunjika. Ndiyo maana tunasema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Nawakumbusha pia kwamba Serikali yetu haikuona haya kulitumia neno hilo. Daktari mkuu wa nchi anaitwa Mganga Mkuu wa Serikali, na kila wilaya ina Mganga Mkuu wake mwenye koti jeupe. Dharau iliyopo katika "mganga wa kienyeji" haimo katika mganga. Imo katika kienyeji.

Neno jingine linalostahili kutazamwa ni -zima. Mtu mzima ni mtu aliye hai, mtu asiye mgonjwa, mtu asiyepungukiwa kitu, na pia mtu aliyekwisha kukua. Lugha imeyaweka mambo manne katika shina moja. Katika nchi ya jando na unyago hilo si ajali. Mwari huingizwa ndani akiwa mtoto na hutolewa akiwa mtu mzima, na uzima huo ni wa mwili, wa akili na wa nafasi yake katika ukoo kwa wakati mmoja. Asiyepewa nafasi hajawa mzima, hata kama vipimo vyake vyote ni safi.

Moyo, mtima na mawazo

Mshairi wa Kiswahili akitaka kulipamba neno moyo husema mtima. Kwetu ni neno la ushairi, lakini kwa Myao ni neno la kila siku: mtima. Mmakonde husema ntima, Mmakua husema murima. Kwa hiyo mzee wa Masasi anapoeleza taabu yake kwa Kiswahili na kutaja moyo mara tano katika sentensi tatu, haongelei kiungo kinachosukuma damu. Anazungumza kwa Kiswahili kilichojengwa juu ya mtima wake, ambao ndimo zinamokaa fikra, nia, kumbukumbu na uhusiano wake na watu. Mhudumu kijana aliyesomea mbali huandika katika jalada kwamba mgonjwa analalamikia moyo, na kumwelekeza akapimwe shinikizo la damu. Kupima ni vizuri, ila kilichosemwa hakijajibiwa.

Hali kadhalika neno mawazo. "Ana mawazo" kwa Kiswahili cha Tanzania maana yake ni kwamba mtu huyo amezidiwa na fikra zisizo na mwisho. Hakuna anayelielewa kuwa sifa ya mtu mwenye fikra nzuri. Watafiti wa Muhimbili, walipokuwa wakitengeneza dodoso la kutambua sonona katika Dar es Salaam, walilazimika kuanzia katika maneno ya watu wenyewe badala ya kutafsiri tu dodoso la kigeni. Nalihesabu tendo hilo kuwa ni la kiisimu kama lilivyo la kitabibu.

Sonona ni mfano mzuri wa istilahi iliyopatikana kwa kuchimba ndani. Zamani ilikuwa kitenzi cha kuumia moyoni kimyakimya. Wataalamu wa afya ya akili wameifanya nomino ya ugonjwa. Kiwewe nacho kimefanywa istilahi ya majeraha ya nafsi. Ninazikubali zote mbili, lakini naomba tusiache kuona kinachopotea. Katika matumizi ya kawaida, mtu hupigwa na kiwewe, hushikwa na kihoro, huingiwa na hofu, hujawa na simanzi. Kauli ni ya kutendwa, na mtesaji anatoka nje ya mtu. Anayesema "nina sonona" ameshaibeba taabu yake kama mali yake binafsi. Tofauti ni ya viambishi vichache tu, ila kwa mtu aliyelelewa katika sarufi ya kwanza, sentensi ya pili inaweza kusikika kama hukumu.

Neno pole, tulitumialo kila siku bila kulifikiri, linatufaa pia. Wanaisimu wa Kibantu wanalihusisha na mzizi wenye maana ya kupoa, kutulia na kupata nafuu kwa pamoja. Kumwambia mfiwa "pole" ni kumwombea apoe, na kwa sababu maumivu ni moto, anayepooza ni mwingine aliye karibu. Hakuna anayejipa pole mwenyewe, isipokuwa kwa mzaha.

Siri ya nani?

Nafika sasa kwenye jambo lililo zito kuliko yote, nalo ni siri. Mnasihi aliyefunzwa vyema huanza kwa kumhakikishia mtu kwamba yatakayosemwa yatabaki kati yao wawili. Kanuni hiyo ni nzuri, na katika habari za virusi vya UKIMWI imeokoa watu wengi wasinyanyapaliwe. Lakini neno siri lina historia yake huko kusini. Siri kubwa ambayo msichana wa Newala anaifahamu ni siri ya unyago, chiputu kama Wamakonde wanavyouita, na mvulana anaifahamu siri ya likumbi. Siri hiyo haiko kati ya wawili. Ni ya kundi zima lililoingia pamoja, na ndiyo inayolifanya kundi liwe kundi. Walioshiriki siri wana wajibu wa kusaidiana maisha yao yote. Kinyume chake, jambo linalonong'onwa na watu wawili katika chumba kilichofungwa, katika mazingira ya kijiji, lina sura ya fitina.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mama mmoja amefiwa na mtoto, hapati usingizi, shamba la mikorosho limemshinda. Anafika zahanati akiwa na dada yake na mjomba wake. Mhudumu, kwa nia njema, anawaomba hao wawili wasubiri nje. Anamuuliza mama, "Una tatizo gani?" Mama anajibu, "Hakuna." Mhudumu anaandika kwamba mteja hakutoa ushirikiano. Kwa mtazamo wa yule mama, aliyekuwa na haki ya kusema amewekwa nje. Kwa desturi ya Wayao, dada na watoto wao huitwa mbumba, na kaka mkubwa au mjomba ndiye mlinzi wao. Akiugua mmoja wao, yeye ndiye wa kuulizwa. Wapo mama wengine, naharakisha kuongeza, ambao tatizo lao ni huyo huyo mjomba, na kwao mlango uliofungwa ni rehema. Ndiyo maana kanuni moja kwa wote haifai. Kinachotakiwa ni mhudumu ajue kuuliza, "Uliokuja nao, wakae au wasubiri?" Swali hilo dogo halimo katika vijitabu nilivyobahatika kuvisoma.

Ajabu ni kwamba neno shauri lenyewe halikuwa la faragha. Katika Kiarabu mzizi wake unahusishwa na kutoa asali mzingani, na katika Kiswahili shauri lilikuwa mkutano: watu huketi, hupiga shauri, huamua. Mahakama bado zinasikiliza mashauri. Enzi ya Wajerumani maofisa wao walilichukua neno hilo likaingia katika maandishi yao kama jina la baraza la hadhara la kusikiliza kesi. Nasaha nayo, pamoja na maana ya ushauri wa dhati, ina maana ya kushona katika Kiarabu cha zamani. Asali hutolewa kwenye mzinga wenye nyuki wengi, na nguo hushonwa kwa kuunganisha vipande viwili au zaidi. Tumeyachukua maneno mawili ya pamoja tukayaingiza katika chumba cha watu wawili.

Neno mteja limekwenda safari ya kinyume. Leo vitabu vya unasihi humwita mtu anayehudumiwa mteja, kwa mfano wa mteja wa dukani. Wanafunzi hudhani kwamba hiyo ni tafsiri mpya. Kamusi zetu za zamani zinajua zaidi: mteja alikuwa mtu aliye chini ya matibabu ya mganga, hasa yule aliyepungwa pepo, na ambaye kwa kupungwa huko aliingia katika chama cha waliopona kama yeye. Ngoma ikipigwa kwa ajili ya mgonjwa mpya, wateja wa zamani huja kumwimbia. John Janzen, katika kitabu chake cha 1992 kuhusu ngoma za uponyaji, alionyesha kuwa utaratibu huo, wa mgonjwa kuwa mponyaji wa wenzake, umeenea kutoka Kinshasa hadi Cape Town, na Dar es Salaam ikiwamo. Mteja wa dukani hulipa akaondoka. Mteja wa ngoma hulipa akabaki. Kama mnasihi angekumbuka maana hiyo ya pili, kazi yake isingekoma mlangoni.

Somo, mjomba na mtani

Nani basi waliokuwa wakifanya kazi hii? Kungwi tumemtaja. Somo anahitaji maelezo, kwa kuwa neno hili ni fundisho, ni mwalimu wa unyago, ni rafiki wa ndani, na ni mtu mwenye jina kama lako. Mke kijana mwenye shida ya ndoa humwendea somo wake kabla ya mama yake mzazi, kwa sababu mama ataumia na kuchukua upande, ilhali somo alikabidhiwa kazi hiyo mbele ya watu.

Mtani ndiye anayenishangaza kila mara. R. E. Moreau aliandika juu ya utani katika Tanganyika mwaka 1944, na wanaanthropolojia wamebishana sana tangu hapo. Katika msiba, watani hushughulika na kazi nzito, na katikati ya kilio huingiza mzaha ambao mtu mwingine angeutamka angepigwa. Humwiga marehemu, humdai mfiwa fedha, huzuia jeneza. Mfiwa hucheka, na kwa kucheka hulia vizuri zaidi. Sijui chuo chochote kinachomfundisha mnasihi kumtania mfiwa, wala sishauri kifanye hivyo, kwani mtani ana leseni ambayo haitolewi na chuo. Yatosha mnasihi ajue kwamba mtani yupo, na aulize kama amekwishafika.

Kwa upande wa sheria, tunayo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, iliyofungua mlango wa kuwasajili waganga. Mkazo wake uko kwenye dawa na tiba. Watu ambao dawa yao ni maneno, kama kungwi na somo, hawana mahali panapoeleweka humo.

Kanisa lilijaribu jambo hili mapema. Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi tangu 1926, akisaidiwa na mapadre Waafrika, alilikubali jando ndani ya maisha ya Wakristo, sala zikachukua nafasi ya matambiko. Terence Ranger alilichunguza jaribio hilo katika makala ya mwaka 1972. Jando liliitikia. Unyago wa wasichana haukuitikia kwa kiasi kile, na kwa maoni yangu sababu iko katika lugha: wanaume walijadiliana na wanaume, lakini maneno ya makungwi hayakuwa na mfasiri miongoni mwa wakuu wa misheni, na yasiyofasiriwa hayabadilishwi kwa amri.

Leo makungwi wanashutumiwa, na shutuma nyingine ni za haki. Kumpeleka mtoto wa miaka 8 unyagoni na kumfundisha mambo ya ndoa ni kumdhulumu, na walimu wa shule za msingi wanaona matokeo yake likizo zikiisha. Tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu wasichana waliojifungua warudi shuleni. Nani atakayeketi na msichana huyo anayerudi, anayechekwa na wenzake na kulaumiwa nyumbani? Mwalimu wa unasihi ana darasa la wanafunzi wengi mno. Kungwi aliyemfunda yuko kijijini, anamjua kwa jina la utoto, na ukoo unamheshimu. Kumwita kungwi huyo aketi na mwalimu, akiwa amekubali kuacha yasiyofaa, ni rahisi kuliko kuajiri mnasihi kwa kila shule, na sioni kwa nini lisijaribiwe.

Mfano wa kusaidia tunao karibu. Mwaka 2006 Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili wa Zimbabwe, alianza Mbare, Harare, kuwatumia akina bibi wa mtaani kuketi kwenye benchi na watu wenye taabu. Matokeo ya utafiti uliowahusisha watu 573 katika zahanati 24 yalichapishwa mwaka 2016 na yalionyesha nafuu ya wazi. Kwangu linalovutia zaidi ni msamiati wao. Ugonjwa wanauita kufungisisa, kufikiri kupita kiasi, ambako ni ndugu wa "mawazo" yetu. Hatua ya kwanza ya tiba inaitwa kuvhura pfungwa, kufungua fikra. Na kikundi ambacho mtu hujiunga nacho baadaye kinaitwa kubatana tose, kushikana sote. Mwanafunzi yeyote wa Kibantu ataona hapo kitendo cha kufungua na kiambishi -ana cha kutendana, vikifanya kazi ile ile niliyoieleza. Akina bibi hao walianza katika Kishona, na kitabu cha mwongozo kikawafuata. Kwa mbali zaidi, Wamaori wa New Zealand, kupitia mfano wa nyumba yenye kuta nne uliotolewa na Mason Durie katika miaka ya 1980, waliilazimisha huduma ya afya ya nchi yao ikubali kuwa familia na roho ni kuta za nyumba sawa na mwili na akili. Nao pia walianzia katika maneno.

Sisi bado hatujakusanya yetu. Hatuna orodha iliyochapishwa inayomwonyesha muuguzi wa Newala au wa Masasi jinsi Mmakonde, Mmakua na Myao wanavyotaja huzuni, hofu, kinyongo, dukuduku na kupona, neno kwa neno, pamoja na Kiswahili wanachokitumia kuyafasiri wakiwa mbele ya mgeni. Ni kazi ya miaka miwili kwa wanafunzi watatu wa uzamili wenye lugha hizo nyumbani, na awe miongoni mwao mwanamke mmoja walau, kwa kuwa maneno ya chiputu mwanaume hataambiwa. Waanze na vitenzi vya kutendua, kisha waende kwenye kauli ya kutendana, na majina ya magonjwa yaje mwisho.